Meno ya Darasa la Tatu

Kabla sijapata kazi ya kufundisha sayansi, nilikuwa nimeifundisha mara nyingi chumbani kwangu, mbele ya ukuta. Ukuta ulikuwa mwanafunzi mzuri. Haukuwahi kuuliza swali.

Shule yenyewe ilikuwa upande wa Mutuini, pembezoni mwa jiji, mahali ambapo vishamba vya mahindi na nyumba za kupangisha hukaa bega kwa bega kama majirani walionuniana. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya elimu ya bure, madarasa yamefurika, dawati la watoto wawili limebeba wanne. Walimu wa serikali hawakutosha, basi kamati ya wazazi ikaanza kutafuta vijana waliomaliza kidato cha nne, wenye alama za kuridhisha na tabia ya kanisani. Alama zangu ziliridhisha. Tabia yangu ilikuwa ya mtu mwoga, na kwa mbali hiyo hufanana sana na tabia ya kanisani. Nikaajiriwa.

Chuo cha ualimu nilikuwa sijakikanyaga. Nilichojua nilikuwa nimekiokota katikati ya jiji, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara, ambavyo ukitaka kusoma majina yake sharti uiname. Jumamosi nzima niliinama hadi mgongo ukalia. Nilirudi nyumbani na kitabu cha mimea kisicho na mwisho, na cha mwili wa binadamu kisicho na katikati. Kwa muda mrefu niliijua figo vizuri sana lakini ini sikulijua kabisa, kwa kuwa kurasa za ini zilikuwa zimechanwa na mtu aliyezihitaji zaidi yangu.

Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana woga wa peke yake. Aliyefundishwa akikosea, humlaumu mwalimu wake. Mimi ningemlaumu nani? Kwa hiyo nilijilinda kwa unadhifu. Nilipiga mistari ubaoni kwa rula. Mkia wa herufi ukipinda, niliifuta sentensi yote na kuianza upya, huku watoto wakinisubiri kama watu waliosimama kwenye foleni ya maji.

"Ticha, si uandike tu? Tunaona vizuri."

"Ngojeni kidogo."

"Hiyo mbaya ndio ilikuwa nzuri, ticha."

Darasa la Tatu lilikuwa na wajukuu wa wenye mashamba, familia zilizokuwa hapo kabla barabara haijatiwa lami. Lilikuwa pia na watoto wa wapangaji, wengi kutoka magharibi, ambao wazazi wao walikuwa mafundi, vibarua, makarani na wauzaji wa kila kinachouzika. Mwenye nyumba na mpangaji walikaa dawati moja wakigombania kifutio kimoja. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, maelezo yangu ya Kiswahili, maswali yao ya lugha ya mtaani, na minong'ono ikawa ya lugha za nyumbani. Nikisema jambo, nililiona likipita dawati hadi dawati likibadilisha nguo kabla ya kukubaliwa.

Dawati la mbele alikaa binti mmoja mwenye sauti ya mhubiri wa sokoni. Alikuwa mjukuu wa mwenye nyumba mmoja wa pale, na alijibu maswali ambayo nilikuwa sijamaliza kuyauliza. Nikikosea, alinisahihisha kwa upole wa kutisha: "Ticha, jana ulisema ingine." Nilimwogopa kama mkaguzi. Lakini pia nilimtegemea, maana darasa lilipozubaa, na mimi jasho limeanza kunitambaa shingoni, nilijua sauti moja itapanda na kuniokoa. Wengine walijifunza kwa kubishana naye. Ukweli ni kwamba somo aliliendesha yeye. Mimi nilishika chaki.

Tukafika mada ya meno.

Picha ya kitabuni ilikuwa imefifia hadi magego yakafanana na viazi. Hilo sikuweza kulivumilia. Nikatangaza kwamba yeyote ambaye jino lake la utotoni litang'oka alilete, tutengeneze chati ya meno halisi, ya mbele, chonge na magego, kila aina mahali pake. Nilidhani nitapata mawili matatu. Nilikuwa nimesahau umri wa Darasa la Tatu. Ni umri ambao vinywa humwaga meno kama mti wa zambarau.

Yakaja yamefungwa kwa karatasi ya daftari, kwa kitambaa, kwa mfuko wa peremende. Mtoto mmoja alilileta mdomoni, akalitema kiganjani mwangu kwa heshima kubwa. Mwingine, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye kichinjio cha Dagoretti, alinikabidhi jino refu, la njano, la kuogofya.

"Hili ni la nani?"

"Ya uncle wangu, ticha."

"Uncle wako ni mbuzi?"

Darasa lilianguka kwa kicheko. Nikamrudishia, nikamwambia amsalimie.

Yaliyobaki niliyashughulikia kwa namna yangu. Niliyaloweka yote kwenye glasi moja yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nikayasugua, nikayapanga kwa aina na kwa ukubwa juu ya karatasi ya manila, nikayabandika kwa gundi niliyoiomba kwa fundi wa viatu. Mwisho wa safu ya meno ya mbele ilibaki nafasi moja tupu. Nikaichorea duara. Nikaliambia darasa, kwa sauti ya mtu anayeombea mgonjwa, kwamba tumebakisha jino moja tu la mbele.

Kesho yake binti wa dawati la mbele alikuja nalo. Ufizi ulikuwa bado na wekundu.

"Lilikuwa linatingika?" nikamuuliza.

"Kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Nilifunga na uzi kwa mlango, ticha, alafu nikaambia kakangu aende nje."

Ningepaswa kushtuka. Badala yake niliona jinsi lilivyokuwa jino zuri. Nikaliambia darasa limpigie makofi, nao wakampigia, naye akatabasamu na pengo lake jipya kama mtu aliyevaa nishani.

Kumbe jino lenyewe lilikuwa kubwa kuliko jirani yake. Liliharibu mpangilio wote. Mtu wa kawaida angeliacha. Mimi niliyabandua meno yote, nikaona gundi imeacha madoa, nikayarudisha yote kwenye glasi, nikayasugua upya, nikayapanga upya. Safari hii safu ilishuka kutoka kubwa hadi dogo kama kwaya ya watoto siku ya Krismasi, na sikuwa na haja ya kujua nani ni nani.

Mwalimu mkuu, mama mmoja ambaye sote tulimwita Madam, alikuja kuiona ukutani. Aliisogelea, akarudi nyuma.

"Mwalimu, hii ni kazi. Lakini mbona inanichekea?"

Niliichukua kuwa sifa.

Wiki zikapita. Tukamaliza meno, tukaingia mada ya hali ya hewa. Mapengo ya wengine yakaanza kuziba. Kila Jumatatu kulikuwa na mtu anayefungua kinywa kuonyesha ncha nyeupe. Kwa binti wa dawati la mbele hapakuwa na kitu. Mwanzoni alicheka pamoja na waliomcheka. Jirani yake wa dawati, mtoto wa mpangaji wa bibi yake, hakumpa nafasi ya kupumua.

"We mapengo, hiyo jino yako imeenda wapi? Imepotea njia?"

"Inakuja."

"Inakuja na miguu?"

Kisha binti akaanza kufunika mdomo kwa mkono. Kisha akaacha kujibu maswali. Nilimwita kwa jina, akasimama, akatikisa kichwa, akaketi. Nikiuliza swali, lilikwenda likarudi peke yake. Nilifuta ubao mara mbili bila sababu. Nikagundua kwamba kwa muda wote ule sikuwa nafundisha watoto wote wale. Nilikuwa nikizungumza na mmoja, wengine wakisikiliza mabishano.

Nilipouliza kuna nini, ni jirani yake yule yule aliyenijibu, safari hii bila mzaha.

"Ticha, cucu yake amesema hiyo jino haitamea. Sababu uliweka kwa ukuta."

Cucu ndivyo walivyomwita bibi katika lugha ya kwao, na ndivyo tulivyomwita sote, wapangaji na walimu. Alikuja mwenyewe asubuhi iliyofuata, kitambaa kichwani, kiondo begani, mwavuli mkononi ingawa jua lilikuwa kali.

"Mwalimu, habari yako."

"Nzuri, cucu. Karibu."

"Nimekuja kuchukua jino."

"Jino gani, cucu?"

"La huyu mtoto wangu. Kwani wewe unaweka mangapi?"

Ndipo alipogeuka akaiona chati. Aliitazama kutoka safu ya kwanza hadi ya mwisho. Darasa zima lilikuwa likifurahia.

"Ngai wangu," alisema mwishoni. "Umeyapiga msumari?"

"Ni gundi, cucu."

"Mimi nimeokoka, mwalimu. Mambo ya giza siyajui. Lakini jino ni jino." Akaweka kiondo chini. "Jino likitoka, mtoto anarusha juu ya nyumba anayolala. Anaomba lingine. Watoto wangu wote walirusha juu ya ile nyumba, na wote wana meno mpaka leo. Wewe ukiwa mdogo ulirusha lako?"

"Nilirusha."

"Wapi?"

"Juu ya paa."

"Likamea?"

"Likamea."

"Sasa unabisha nini?"

Nilimweleza. Nilimwambia kwamba jino jipya hukaa chini ya ufizi tangu mapema, kwamba ndilo husukuma la zamani, kwamba paa halina uhusiano. Nilichora hata mchoro mdogo ubaoni, kwa rula. Alinisikiliza kwa adabu, vile mtu anavyomsikiliza mgeni anayesifia chakula kilichoungua.

"Hiyo ni sawa. Hiyo ni ya kitabu. Sasa nipe jino."

Nikaisogelea chati. Nikaitazama ile safu ya meno ya mbele, yote meupe, yote safi, yote yamenyooka. Nilihisi masikio yakipata moto.

"Lipi?" akauliza cucu.

"Cucu, nadhani... ni mojawapo ya haya."

"Hujui?"

"Niliyaosha pamoja."

"Uliosha meno ya watoto wa watu kama vikombe?"

Nyuma yake mtu alikohoa kicheko. Binti mwenyewe alikuwa ameinamisha uso kwenye dawati. Cucu aliuokota mwavuli wake, akasema atarudi Ijumaa, akatoka, na mlangoni akageuka kuitazama chati mara moja tena, kama mtu anayehakikisha haimfuati.

Habari hufika ofisini kabla ya anayezipeleka. Madam aliniita.

"Wazazi walikuweka ufundishe meno, mwalimu. Sasa nasikia unayateka nyara."

"Madam, kisayansi..."

"Ya kisayansi najua. Mimi swali langu ni moja. Yule mtoto nilikuwa namsikia nikiwa hapa, na dirisha limefungwa. Siku hizi simsikii. Utafanyaje?"

Nilifanya kile anachofanya mtu aliyejifundisha kwa vitabu akiishiwa na vitabu. Nilikwenda kutafuta mtu aliyefundishwa. Alasiri moja nilishuka Upper Hill, kwenye jengo lenye kliniki ya meno orofa za juu, nikakaa kwenye kiti cha ngozi kati ya watu wenye mashavu yaliyovimba, nikiwa na maswali niliyoyapanga kwa umuhimu. Daktari aliyenikalisha kwenye kiti chake zamu yangu ilipofika alikuwa mwanamke mwenye haraka na sauti ya chini.

"Tatizo ni nini?"

"Jino la mbele halijatoka tangu la utotoni ling'oke."

Akanitazama. "La nani?"

"La mwanafunzi wangu."

"Yuko wapi?"

"Shuleni."

"Sasa mimi nitazame nini?"

Nikamweleza habari yote, ya chati, ya uzi na mlango, ya paa. Alisikiliza huku akiuma mdomo wa chini, na nikaelewa kwamba alikuwa akizuia kucheka kwa ujuzi wa kazi. Kisha akasema kwamba jino linalong'olewa kabla ya wakati wake huacha ufizi ukajifunga, na jipya huchukua muda kupenya. Litatoka. Lini, hakuna daktari wa kuapa.

"Kwa hiyo ni subira tu?"

"Subira. Na wewe uache kuwaomba watoto meno. Fungua kinywa."

"Mimi?"

"Umeshakaa kwenye kiti."

Nikafungua. Nilikuwa na gego lililooza nyuma upande wa kushoto, mimi mwalimu wa meno, na sikuwahi kulijua.

Nilirudi shuleni na jibu langu kama mtu aliyebeba yai. Wakati wa mapumziko nilimsubirisha binti darasani, nikamwambia kwamba daktari wa Upper Hill, daktari wa kweli mwenye koti, amesema jino litatoka. Nilitarajia uso wake ufunguke. Aliifikiria habari hiyo. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, alizungumza, kiganja kikiwa mdomoni.

"Na yeye alirusha yake wapi?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Sijui," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa huruma, kama aliyetegemea hivyo. Akaitazama chati.

"Ticha, kila siku nikikaa hapa naangalia pale. Naangalia hii, naangalia hiyo. Sijui ni gani." Sauti ilikuwa ndogo sana, si yake. "Si ilikuwa yangu?"

Nina aibu kusema kwamba mpaka dakika ile nilikuwa bado natafuta njia ya kubaki na chati. Nilikuwa nimewaza kuchonga jino la chokaa na kumpa. Nilikuwa nimewaza kumwambia cucu kwamba nimelikumbuka, nikabandua lolote. Ile chati ndiyo kitu pekee nilichokuwa nimekitengeneza maishani bila kosa, na wakaguzi wa elimu walikuwa wakitarajiwa muhula ule. Lakini swali lile halikuwa la sayansi wala la paa. Nilichukua kitu cha mtoto nikakifanya kizuri kiasi kwamba hakikuwa chake tena.

Ijumaa asubuhi nikawaambia Darasa la Tatu kwamba meno yanarudi kwa wenyewe. Tatizo ni kwamba hatujui wenyewe. Tufanyeje?

Sijawahi kuwa na somo lililochangamka namna ile, na sikuwa nimeliandaa.

"Turushe zote juu ya class!"

"Hakuna mtu analala kwa class."

"Wewe unalalanga, ticha akifundisha."

"Kwetu haturushi. Kwetu tunapea panya. Unaweka kwa shimo yake."

"Panya gani inataka jino yako imeoza?"

"Panya haichagui!"

"Kwa nyanya yangu huko nyumbani unaangalia jua, unatupa nyuma, alafu huangalii."

"Na ukiangalia?"

"Unaota kama ya mbuzi."

Wote wakamgeukia mtoto wa kichinjio, naye akaapa kwamba hakuangalia.

Ilibainika kwamba hakuna nyumba ambayo haikuwa na mahali pa jino, na hakuna mahali palipokuwa kwenye karatasi ya manila. Mtoto mmoja mpole wa nyuma, ambaye sikuwahi kumsikia akisema kitu, aliinua mkono. Alisema kwamba yeye jino lake jipya limeshatoka, kwa hiyo hana haja na la zamani, na binti wa dawati la mbele anaweza kuchukua yote, halafu lake litakuwa humo ndani. Tukapiga kura. Karibu wote waliinua mikono. Jirani wa dawati la mbele alishika wake chini kwa muda, mpangaji akimfikiria mwenye nyumba.

"Sasa jino yangu ikikaa juu ya nyumba yao," akauliza, "itakuwa inalipa rent?"

"Tutamuuliza cucu," nikasema.

Gundi ya viatu ilikuwa imefanya kazi yake. Nilitumia kisu cha mezani na maji ya moto niliyopewa na mama wa jikoni, na karatasi ikachanika vipande vipande mikononi mwangu, vichwa vya safu nilivyoviandika kwa wino vikavuja. Nilidhani nitaumia zaidi. Watoto walizunguka meza wakinielekeza, kila mmoja akiwa fundi.

Jioni, wanaoishi upande ule wa cucu walinisindikiza, na wasioishi huko wakasema wanaishi huko. Cucu alikuwa akitusubiri uani, kuku wamemzunguka miguuni. Nilimpa meno yakiwa kwenye kikombe. Nikamweleza uamuzi wa darasa. Alikitikisa kikombe, akasikiliza mlio.

"Yote?"

"Lake limo, cucu."

"Na ya hawa wengine?"

"Wamesema sawa."

Akawatazama watoto mmoja mmoja. Wengine walikuwa wapangaji wake, na walisimama wima kama siku ya kulipa. Jirani wa dawati akakusanya ujasiri.

"Cucu, tutalipa rent ya jino?"

"Wewe mwambie baba yako amalize ya nyumba kwanza," cucu akasema, na watoto wakashangilia. Kisha akammwagia mjukuu wake meno kiganjani, akamsimamisha mbele ya nyumba, akamshika mabega. Alimwambia neno kwa lugha yao, sikulisikia. Binti akaujaza mkono wake, akaurudisha nyuma, akarusha.

Yalianguka juu ya mabati kama mvua ya mawe inayoanza. Kuku walikimbia. Tulisimama tumeinua nyuso, tukisikiliza yakigonga, yakibingirika, yakitafuta mahali. Yote yalitulia isipokuwa moja. Hilo lilianza kuteremka. Tulilisikia likija polepole, tik, tik, tik, kwenye migongo ya mabati. Hakuna aliyepumua, hata mimi, mtu wa sayansi, mwenye jibu la daktari mfukoni. Nilikuwa nikiliomba kimoyomoyo lisimame. Halikusimama. Lilifika ukingoni, likaruka, likanigonga paji la uso.

Nikalipapasa paji.

"Ticha," jirani wa dawati akasema, "hiyo imekuchagua. Sasa utaota la nani?"

Wa kwanza kucheka alikuwa yeye, binti wa dawati la mbele. Alicheka akijipinda, mikono yote miwili ikiwa tumboni, kinywa wazi hadi nikaona pengo lote, jekundu, tupu, halina chochote. Akaliokota jino kutoka miguuni pangu, akaligeuza geuza.

"Rudisha juu," cucu akasema. "Upesi, kabla kuku hajalichukua."

Akalirusha kwa nguvu mara mbili ya kwanza. Halikurudi.

Jumatatu niliingia darasani nikaandika tarehe ubaoni. Nilikuwa bado natafuta chaki ndefu zaidi nilipoisikia ile sauti nyuma yangu, yote, ya sokoni, bila kiganja.

"Ticha, leo ni tarehe ingine. Hiyo ni ya Ijumaa."

Nilimgeukia haraka kuliko ilivyofaa, nikachungulia pengo. Hapakuwa na kitu. Ufizi mtupu. Nilichungulia tena kesho yake, na wiki iliyofuata, kama mkulima anayekagua mbegu, na bado hapakuwa na kitu; lakini mwenye pengo alikuwa ameshaacha kungoja, na mdomo haukufungika tena. Jirani yake alijaribu kumwita mapengo. Alijibiwa kwa urefu, na kwa mifano, mpaka akaomba kuhamishwa dawati.

Wakaguzi walikuja muhula ule. Ukutani palikuwa na alama nne za gundi mahali chati ilipokuwa. Mmoja wao aliuliza hapo palikuwa na nini, na kabla sijafungua kinywa, darasa zima lilimwambia, kwa lugha nne, kwa wakati mmoja.

Jino lenyewe nililiona muhula uliofuata, siku ya aina za udongo. Baadaye lilikuja kupinda kidogo, na cucu alinieleza nje ya kanisa kwamba hiyo ni gundi, nami sikuwa na ushahidi wa kumpinga. Lakini siku hiyo ilikuwa ni ncha tu, nyeupe, ndogo kama punje ya mchele. Nilikuwa nimeleta mikebe mitatu ya udongo, nikaunyoosha uso wa kila mkebe kwa rula, nikasema wa kwanza ni wa kichanga. Binti akasimama bila kuitwa. Akasema si wa kichanga, huo umetoka shamba la juu la cucu, yeye anaujua, unashika maji hadi viatu vinabaki humo, na kama nabisha twende sasa hivi. Aliendelea. Ncha ile ilionekana na kupotea katikati ya maneno. Nilitaka kumkatiza nimwambie, darasa zima lishangilie.

Lakini alikuwa hajamaliza, basi nikaweka rula chini nikamsikiliza.